Mrejesho: msongamano wa kufuli katika utafutaji wa njia za faili

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Niliuliza kwa nini seva yetu ya nyaraka hapa Mjini Unguja, inayotumia Linux, huzorota kila michakato (programu zinazoendeshwa) inapoongezeka, ilhali diski haina kazi kubwa.

Walionijibu kwa kutaja kufuli za saraka za juu, yaani vizuizi vinavyoruhusu mchakato mmoja tu kwa wakati, walikuwa na hoja nzito kwa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) za zamani. Hata hivyo, tangu toleo la 2.6.38 la mwaka 2011, kerneli hupita saraka moja baada ya nyingine kwa njia ya RCU (mbinu ya kusoma data bila kuwazuia wengine), bila kushika kufuli wala kuongeza kihesabu cha marejeo (hesabu ya wanaokitumia kitu), na huhakiki kwa namba za mfuatano kwamba hakuna jina lililobadilishwa wakati inasoma. Upimaji kwa perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, ulionesha kuwa mzigo umekaa mwishoni mwa njia: kila mchakato ulikuwa ukifungua faili lile lile la mipangilio kwa kila ombi, na kila ufunguzi hulazimu kihesabu cha faili hilo kiongezwe, kisha kipunguzwe. Ni sawa na wanunuzi wote wa soko la Darajani kutia saini daftari moja.

Sasa kila mchakato hufungua faili mara moja na kuweka yaliyomo katika kumbukumbu yake. Msongamano umeondoka, nami namshukuru kwa dhati aliyenisihi nipime kwanza. Yamebaki mafaili yaliyo kwenye FUSE (mfumo wa faili unaoendeshwa na programu iliyo nje ya kerneli), ambako muda wa uhalali wa jina ukiisha, kerneli huiacha njia ya RCU na kurudia ile ya polepole. Hilo nitaliulizia peke yake.