Siku 9 nahangaikia cheti cha seva, kumbe mtoa huduma kaniweka nyuma ya geti lake

Wakuu, mniwie radhi, leo nina hasira.

Nina Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo, chini ya TV sebuleni; ndiyo seva yangu, inabeba daftari la mauzo la duka la mama watoto. Nilichotaka ni kidogo tu: akiwa dukani Buguruni afungue simu, aone sementi imebaki mifuko mingapi, bila kivinjari kumtisha kwamba tovuti si salama.

Nikanunua domeni (jina la tovuti), nikaielekeza kwenye IP, yaani anwani ya namba ninayoonekana nayo nje, nikafungua poti 80 na 443 (milango ya tovuti) kwenye ruta, nikatuma programu ya Certbot ikaombe cheti cha usalama kwa Let's Encrypt, ambao kwanza huja kugonga poti 80 kuhakiki domeni ni yako. Jibu: muda umekwisha, huenda ni ukuta wa moto (firewall, kizuizi cha wanaoingia toka nje). Nikajua kosa ni langu. Nikazima ukuta wa moto, nikaandika upya mipangilio ya Nginx, programu inayohudumia tovuti, nikafuta hadi memori kadi nikaanza moja. Nilipokosea mara tano ndani ya saa moja Let's Encrypt wakanifungia nisubiri kwanza. (Anayejaribu Certbot aanze na --dry-run, yaani zoezi tu bila cheti halisi, mimi nimejifunza kwa machungu.)

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada ana sauti nzuri kweli: "Zima ruta, subiri dakika mbili, washa." Nimeizima mpaka swichi imelegea. Siku ya sita akaja fundi, akapima spidi, akanigeuzia simu nione: "Intaneti ipo, bosi." Nani kasema haipo?

Jana usiku ndio nikafungua ukurasa wa hali ya ruta. Anwani ya upande wa nje inaanza na 100.77. Siyo ile niliyoiweka kwenye domeni! Nikaishiwa nguvu. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni namba zilizotengwa tangu 2012 ili watoa huduma warundike wateja nyuma ya anwani moja, ndiyo hiyo CGNAT. Let's Encrypt akija kugonga poti 80 anagonga kwenye mtambo wao, na mtambo haunijui. Ningefungua poti za ruta yangu mpaka kiama, asingefika mtu.

Sasa kinachoniuma. Siku najiunga nilimuuliza kijana wa mauzo, tena mara mbili: nina seva nyumbani, poti zitafunguka? "Bila wasiwasi kaka, hii ni faiba." Leo nawapigia naambiwa anwani ya peke yako ni ya wateja wa biashara, kifurushi kingine, bei nyingine. Siku zote hizo dada hakulijua hilo? Fundi je? Nikauliza basi IPv6 mnayo, zile anwani za kizazi kipya zisizohitaji kurundikana? Akaniambia nizime ruta.

Cheti nimekipata lakini, kwa njia ya DNS, ile orodha ya mtandao inayosema domeni ipo anwani gani. Unaweka rekodi ya TXT (maandishi waliyokupa) kwenye jina _acme-challenge la domeni yako, Let's Encrypt wanakagua huko huko, hakuna haja ya kugonga kwako. Simu ya mama watoto ikakigomea huku laptop yangu ikikikubali, na hapo nakiri uzembe ni wangu: nilimpa Nginx cert.pem badala ya fullchain.pem, kile cheti cha kati, kinachounganisha changu na mamlaka inayoaminiwa na simu, hakikwenda. Laptop inajitafutia chenyewe, simu haijisumbui.

Kwa hiyo nina cheti safi cha siku 90, na domeni nimeielekeza 192.168.1.20, anwani ya ndani ya nyumba, yaani inafunguka sebuleni tu. Mwenye duka akitaka kujua sementi, apande daladala arudi akae kwenye kochi.

Najua mtaniambia Cloudflare Tunnel (Pi inaunganika yenyewe kwa Cloudflare, wageni wanapitia huko), au nikodi seva nje niunganishe na WireGuard, njia ya siri kati ya mashine mbili. Nitafanya, sina ujanja. Ila aliyepata anwani ya peke yake kwa kifurushi cha nyumbani hapa Dar aseme alimwona nani na aliongeza shilingi ngapi. Jumatatu naenda ofisini kwao na ruta yao kwenye mfuko.