Filamu za anga na maroboti kwa wa miaka 10 na 12: WALL-E, E.T., The Wild Robot au Interstellar?

MamaWawili, Tabata
Wakuu, habari za jioni. Shule zimefungwa, nina binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 10. Katuni za watoto wadogo wamezikinai, na za wakubwa zinanitia wasiwasi. Huyu mdogo kila umeme ukikatika anatoka uani kuuliza kama nyota zile zina watu. Nimechuja nikabaki na hizo nne. Dada mtu Kiingereza anakielewa, mdogo wake bado anasuasua. Tuanze na ipi?

Mwalimu_GMboto
Dada, kwa huyo anayesuasua, WALL-E ya mwaka 2008. Nusu saa ya mwanzo karibu hakuna anayezungumza. Roboti mdogo yuko peke yake duniani, anashindilia takataka kuwa matofali, anayapanga, kesho yake anaamkia kazi ileile. Niliwaonyesha watoto wa darasa la tano kwa projekta ya kuazima na sikutafsiri neno. Mmoja akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, hapo ni Pugu Kinyamwezi!" Darasa zima likaanza kusimulia dampo.

Kuna na sayansi ya kweli humo. Wanadamu wameishi kwenye chombo cha anga miaka 700, wamekuwa wanene na mifupa yao imelegea. Wanaanga halisi hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini ya mifupa inayobeba mwili kwa kila mwezi wakiwa angani, ndiyo maana hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku. Mweleze kijana hilo, utaona maswali yatakayofuata.

BintiPwani, Mombasa
Nami niseme juu ya Interstellar, maana niliianza hiyo. Ni ya mwaka 2014, inakwenda saa 2 na dakika 49. Marekani wameipa daraja la PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu kwa mtoto wa chini ya miaka 13, nikaona binti yangu wa miaka 11 anakaribia, hakuna neno. Sikufikiria hadithi yenyewe. Baba anamuaga binti wa miaka 10 anayelia, anamwachia saa ya mkononi, anakwenda anga za mbali. Kwenye sayari moja, saa moja ni sawa na miaka saba ya duniani.

Baba watoto yuko Muscat, mwaka wa tatu sasa. Binti akainuka kimya, akaenda chumbani. Nilimkuta na simu yangu, anatazama saa za miji. Akaniuliza, "Mama, kwa baba saa iko mbele kwa moja tu, sivyo?"

Kwa hiyo usitazame daraja peke yake. Mtoto wa rika hili dude lenye meno halimsumbui sana. Tazama ni nani anayeondoka katika hiyo hadithi, na kama nyumbani kwenu kuna aliyeondoka.

Fundi_Nyamagana
Basi The Wild Robot (2024) nayo uiangalie kwanza mwenyewe. Sauti ya roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, na picha zake ni kama zimechorwa kwa brashi. Lakini mapema tu Roz anaangukia kiota cha bata bukini na linabaki yai moja. Kifaranga anakua akimwita mama yule aliyeiua familia yake bila kukusudia. Wangu walitulia tuli, baadaye wakazungumza mpaka usiku. Mimi naiona bora kuliko zote nne.

E.T. ya 1982, ya mtoto anayemficha nyumbani kiumbe aliyetoka anga za mbali, wangu waliiona ya polepole, na wale watu waliovaa mavazi ya anga wakivamia nyumba waliwatisha.

BintiPwani, Mombasa
Fundi, hapo tunaachana. Binti yangu huyohuyo E.T. ameitazama mara tatu. Humo pia baba hayupo, ila ameshaondoka kabla hadithi haijaanza. Mtoto haoni akiagwa, anaona tu ndugu wanavyoendelea kuishi na mama yao. Hilo analijua.

Mjukuu_wa_Nyeri
Ongezeni Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009. Ni kama dakika 20 tu. Maji yameisha, watu wanakusanya hata jasho na mkojo wao ili wayasafishe wanywe, na Asha anapata mbegu inayochipua. Huyo wa miaka 12 inamfaa. Wa 10 huenda akakosa subira, maneno ni machache na mwendo wake ni mzito.

MamaWawili, Tabata
Ahsanteni sana. Ijumaa tunaanza na WALL-E, Jumamosi nitaitazama ya Roz peke yangu kwanza. Pumzi nitakaa na dada mtu. Interstellar naiweka kando. BintiPwani, binti aliwahi kuimalizia?

BintiPwani, Mombasa
Aliiomba mwenyewe baba yake alipokuja likizo. Alimwambia azime simu na asiinuke mpaka iishe.