Krismasi Rombo, Januari kodi na kidato cha kwanza: tunatoboaje?

Mama_Genge
Wadau heshima kwenu. Naomba ushauri mapema huu mwezi wa nane, maana Desemba nikija kulia hapa mtaniuliza nilikuwa wapi.

Tunaishi Kimara, watoto watatu. Mume ni dereva wa kampuni, mimi nina genge la mboga na matunda. Yeye ni Mrombo wa Kilimanjaro, mimi Msambaa wa Lushoto, kwa hiyo hili la kila Krismasi kwenda kwao kuhesabiwa na ukoo nimelikuta. Sina ugomvi nalo, wakwe zangu wananipenda. Shida yangu ni hesabu.

Mshahara wake baada ya makato ni 650,000. Genge likienda vizuri linanipa faida kama 220,000 kwa mwezi, ila mvua zikichanganya inashuka. Kodi ni 120,000 kwa mwezi lakini mwenye nyumba anachukua ya miezi 6 kwa mkupuo, na tuliyolipa inaisha mwanzoni mwa Januari. Chakula 300,000. Nauli ya mzee kazini 60,000. LUKU, maji na gesi 60,000. Wa pili yuko shule ya binafsi ya kutwa, 1,200,000 kwa mwaka kwa awamu 4. Mama mkwe 30,000. Sadaka na michango ya harusi na misiba 40,000. Bando 25,000. Kikoba hisa ya 10,000 kila wiki. Ukijumlisha inabaki kama 95,000 ambayo sijawahi kuiona kwa macho.

Sasa Krismasi. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi na kula njiani 400,000. Mbuzi 180,000. Mchango wa ukoo 100,000. Vitu vya kupeleka (mchele, sukari, mafuta, kitenge na blanketi la mama) 170,000. Nguo za watoto 150,000. Matumizi ya huko siku kumi 150,000. Na wa kwanza yuko darasa la saba, Januari anaingia kidato cha kwanza.

Mzee anasema gawio la kikoba litabeba yote. Mimi naona halibebi. Nikimwambia mwaka huu tusiende, anaona namtenga na kwao. Nifanyeje?

Kijana_wa_Mbezi
Pandeni SGR dada, nauli nafuu na mnafika hamjachoka.

Reli_Tu
SGR inaishia Dodoma mkuu. Familia ikishuka Dodoma itatembea hadi Rombo?

Treni ya Moshi na Arusha ni ile ya reli ya zamani, iliyorudishwa hadi Moshi Desemba 2019 na hadi Arusha 2020, baada ya njia kulala miaka mingi. Haiendi kila siku na mnalala njiani, ila daraja la tatu ni nafuu kuliko basi. Mkishuka Moshi mnatafuta tena gari za Rombo. Mwenye mtoto mdogo na mabegi afikirie mara mbili.

Msema_Kweli
Genge, udereva na ada ya milioni na laki mbili. Hamisha mtoto. Shule za serikali hazina ada. Mnapenda makuu halafu mnakuja kusumbua watu.

Mama_Genge
Nimekusikia kaka. Huyo mtoto yuko la nne, ana mtihani wa taifa mwaka huu huu, simhamishi sasa. Ya mwakani tutazungumza na baba yake.

Mhasibu_wa_Kijiweni
Dada hongera, wengi hapa wakiulizwa wanatumia kiasi gani wanasema "kawaida tu". Ngoja tuiandike bila huruma.

Hadi Krismasi mna mishahara mitano: Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, na wa Desemba ambao wengi huwekewa kabla ya sikukuu. Kodi mkiitenga kweli kila mwezi mtakuwa na 600,000. Hiyo 95,000 isiyoonekana, mkiikamata, ni 475,000. Kikoba, kama mlianza Januari, hisa zako hadi mwanzoni mwa Desemba ni kama 480,000. Faida sijaihesabu makusudi, kwa sababu bado haipo. Ada mnaitenga 100,000 kwa mwezi; ya miezi mitatu inaliwa na awamu ya Oktoba, mnabaki na 200,000 ya Novemba na Desemba. Jumla 1,755,000.

Haya, toa yasiyo na mjadala. Kodi 720,000. Awamu ya kwanza ya ada 300,000. Kidato cha kwanza tuweke 250,000. Jumla 1,270,000.

Inabaki 485,000. Hiyo ndiyo Krismasi yenu. Ile ya 1,150,000 uliyoiandika hapo juu ni ya familia nyingine.

Tena nimechukulia genge linafanya kazi Desemba nzima. Ukilifunga siku kumi uende Rombo, toa kama 70,000 nyingine, na wateja wako kwa siku hizo wanahamia kwa jirani. Hii gharama hukuiandika na ndiyo inayouma kimyakimya. Halafu mshahara wa Desemba ukiingia tarehe 20, unaofuata uko mwishoni mwa Januari: pesa ya chakula cha mwezi mmoja inatakiwa ivumilie siku kama 40.

Kwa hiyo msibishane kwenda au kutokwenda. Mwekee mzee karatasi, mwambie tuna 485,000, tuitumieje. Mkianza na "tusiende" mtagombana mpaka Novemba, na hela itakuwa imeisha.

Mrombo_wa_Mkuu
Shemeji, mimi ni wa huko huko kwenu. Kinachomuuma mzee ni kufika mikono mitupu, au kusikia wenzake wamechanga na yeye hayumo. Safari yenyewe angeivumilia. Kwa hiyo mlinde kwenye mchango kwanza. Mchango ukitangulia mwezi wa kumi na moja, kabla katibu wa ukoo hajaanza kupiga simu, watu hawahesabu sana ni vichwa vingapi vimeshuka kwenye gari.

Pili, mbuzi. Hakuna sababu ya kumnunua wiki ya Krismasi. Siku hizo mnadani muuzaji akisikia lafudhi ya Dar tu bei imepanda. Tuma hela sasa hivi, mama mkwe anunue beberu mdogo amfunge nyumbani. Majani ya kihamba (shamba la nyumbani) yapo, na miezi minne si haba. Mwulize bei kwanza, ila mimi mwaka juzi niliokoa zaidi ya nusu. Hasara yake ni moja: mama anaweza kumzoea akakataa asichinjwe. Kwetu imetokea, tukala kuku.

Tatu, ukoo wetu uliacha habari ya kila nyumba kuchinja wake. Tunachinja kwa zamu, nyama inagawanywa, kisusio (supu ya mbuzi yenye damu) kinapikwa sehemu moja na mbege (pombe ya ndizi) inapikwa kwa mama mmoja. Ilizungumzwa kwenye kundi la WhatsApp mwezi wa saba, watu wakiwa na akili timamu. Ukilileta Desemba mbele ya wazee utaonekana mchoyo.

Msema_Kweli
Hapo kwenye mbuzi nakubali.

Bi_Shangani
Mwanangu, sie wa Unguja sikukuu yetu haingoji Desemba. Idi kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja, kwa hivyo huwezi kuitegemezea gawio la mwisho wa mwaka. Mimi kitambaa cha watoto nanunua miezi mitatu mbele, na fundi nampa mapema kabla hajajaa. Wiki ya mwisho fundi ana bei yake na uwongo wake. Mchele nao nunua sasa wakati mavuno yapo sokoni, shirikianeni majirani wawili watatu mchukue gunia. Ukingoja sikukuu utanunua kilo kwa bei ya kukutoa machozi.

Katibu_Kikoba
Naongea kama katibu. Usipange chochote cha tarehe 20 Desemba kwa hela ya gawio. Kwenye karatasi tunavunja na kugawana wiki ya kwanza, lakini kuna wanachama wanadaiwa na hawalipi mpaka wafuatwe majumbani, na hatuwezi kugawa sanduku ambalo nusu yake iko mifukoni mwa watu. Waliowahi kusubiri mpaka mkesha wa sikukuu wananielewa.

Kikao kijacho uliza mikopo iliyo bado mikononi mwa wanachama imefika kiasi gani, na mwisho wa kukopesha ni lini. Kundi makini linafunga kukopesha mapema ili Desemba iwe ya kukusanya tu. Angalia pia sanduku: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu isomwe kwa sauti kila kikao. Na kama hamjasajiliwa, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitaka vikundi visajiliwe, msikae kimya.

Jambo jingine, mzee asikuambie ukope kwenye kikoba Oktoba kwa kuwa "si tutalipa kwenye gawio". Deni lako linakatwa kwenye gawio lako, unatoka na bahasha nyepesi. Na kausha damu, ile mikopo ya riba kali, msiikaribie kabisa. Akija mtu na fomu ya mkopo wa dakika tano akitaka kadi yako ya benki abaki nayo, mpe maji ya kunywa aondoke.

Mama_Genge
Asanteni sana, hasa Mhasibu, nimeisoma mara mbili na kichwa kimeuma. Sasa hiyo 95,000 naiweka wapi? Kwenye simu haikai. Mtoto akikohoa imetoka, wifi akipiga imetoka.

Dada_Hisa
Fungua akaunti Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji. Unanunua vipande (sehemu ndogo za mfuko) kwa simu, ukitaka hela unauza vipande na inachukua siku kadhaa za kazi kuingia. Hizo siku kadhaa ndizo dawa yako. Wifi akipiga leo, ukweli ni kwamba huna. Faida kwa miezi mitano ni kidogo, usiihesabie, ila haiwi sifuri.

Mhasibu_wa_Kijiweni
Naongezea. Genge ni hela ya kila siku, usingoje mwisho wa mwezi ndipo ubakize. Kila jioni ukifunga, kabla ya kuhesabu faida, toa 3,000 uweke kwenye kibubu cha mbao kile cha kupigiliwa misumari. Kwa mwezi ni 90,000. Siku ya mvua weka hata 1,000, lakini mkono usikose. Na kodi itengwe siku ile ile mshahara unapoingia, na aitenge mzee mwenyewe kwa mkono wake. Ukimwekea wewe, kwake itabaki kuwa hela yako unayomnyima.

Mwalimu_Mstaafu
Kwa huyo anayekwenda kidato cha kwanza: usinunue sketi wala sweta kabla hujajua amepangiwa shule gani, rangi hutofautiana. Majina hutoka mwishoni mwa mwaka. Lakini shati jeupe, viatu vyeusi, soksi, begi na madaftari ya kaunta nunua Oktoba na Novemba kidogo kidogo, maana Januari Kariakoo wazazi wote wanakutana duka moja. Acha akiba ya vile vitu vya kwenye fomu ya kujiunga ambavyo mzazi hakuvitegemea: rimu ya karatasi, fagio, jembe. Akipangiwa bweni, kuna godoro na tranka, na hiyo 250,000 ya Mhasibu haitatosha. Nisingekuficha hilo.

Mama_Genge
Wadau nimerudi na mrejesho. Jumapili baada ya kula nilimwekea mzee karatasi ya Mhasibu mezani, sikuongeza neno. Akasoma, akauliza nani ameandika hii. Nikamwambia watu wa mtandaoni. Akasonya, akaomba kalamu, akaanza kukata mwenyewe.

Amekubali kwenda yeye na wawili wakubwa. Mimi na mdogo tunabaki na genge, tutakwenda Pasaka, nauli ikiwa imetulia. Nauli yao na kula njiani 240,000. Mama mkwe ameshatumiwa 70,000, beberu yuko bandani tangu juzi. Mchango wa ukoo 100,000 unatangulia Novemba. Hapo ni 410,000, inabaki 75,000 ya vitu vya kupeleka. Nguo hatununui, watatoka na zile walizoshonewa harusi ya shangazi yao Juni. Bweni likitokea, amesema vitu vya kupeleka vinafutwa, anabeba sukari tu.

Kilichobaki ni matumizi ya huko. Nimemuuliza, anasema "hilo nitajua mwenyewe". Sijui maana yake.

Msema_Kweli
Maana yake Songesha, mkopo wa M-Pesa. Mbane kabla hajapanda gari.

Mhasibu_wa_Kijiweni
Faida ya kikoba ambayo sikuihesabu, hiyo ndiyo iwe matumizi yake ya huko, na aambiwe leo. Ikiwa ndogo, apunguze kununulia watu bia. Mbege ya ukoo si ipo?

Mrombo_wa_Mkuu
Ipo ya kutosha. Shemeji, na tiketi ya kurudi ikatwe siku moja na ya kwenda. Kwenda watu wanaondoka kwa mafungu, wengine tarehe 18, wengine 23. Kurudi Rombo nzima inashuka tarehe 2 na 3 kwa pamoja, na mwenye watoto wawili hawezi kugombania kiti. Akate ya tarehe 29 au 30, awahi kazini na shule.

Mama_Genge
Ya tarehe 29 ndiyo nitakayoishikilia. Asante shemeji.