Naomba ushauri: majibu ya akili mnemba kwenye kundi la wafuga nyuki

Salaam ndugu zangu. Nasimamia kundi la WhatsApp la wafuga nyuki wa kujifurahisha. Wengi tuko Jinja na Iganga, huku Uganda, mtu ana mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba.

Juzi mwenzetu aliuliza kwa nini nyuki wake wamehama. Dakika mbili hazikupita, akabandikiwa jibu refu la kupendeza: aufunike mzinga kabla ya baridi kali, awaachie asali ya kuwafikisha mwisho wa theluji. Theluji Jinja! Nyuki wetu huhama kwa njaa, joto, siafu au kusumbuliwa ovyo. Mzee yeyote wa mizinga ya magogo atakwambia. Aliyelibandika alikuja kukiri kwamba alilitoa ChatGPT, yeye mwenyewe hajawahi kufungua mzinga.

Nikapiga marufuku akili mnemba kundini. Likazuka zogo, maana wapo wasiojua Kiingereza wanaoitumia kutafsiri maelezo ya ufugaji kwa Kiswahili, na hao kusema kweli siwezi kuwalaumu. Nikalegeza: kila mtu aandike "nimeuliza mashine". Wiki mbili tu, wakasahau. Kukisia nani katumia nani hakutumia naogopa, nisije nikamtuhumu mtu anayejua tu kuandika vizuri.

Wenye makundi kama haya, mmewezaje kuruhusu tafsiri huku mkizuia majibu ya kubandika? Na jibu potofu likishaingia, mnalifuta au mnaliacha na kulisahihisha hapohapo?