Mashine inaganda ikiwaka: barete (kijiti cha RAM) ya okazi (iliyokwisha tumika), barete mpya, au SSD? (Lubumbashi)

Mama_Kasapa
Jambo kwenu wote. Nina sekretariati upande wa Kasapa, tunawapigia wanafunzi TFC zao (kazi za kumaliza masomo). Mashine ya mezani inayobeba kazi yote imeanza kuganda ikiwaka. Siku nyingine inakwama kwenye nembo ya kwanza, kabla Windows haijaonekana. Siku nyingine inafika kwenye vile vidoti vinavyozunguka, vinasimama, kipanya hakisogei tena. Nikiizima na kuiwasha upya, inaweza kufanya kazi asubuhi nzima bila shida.

RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ni ya aina ya DDR3, barete mbili: ya 4 GB iliyokuja nayo, na ya 2 GB iliyoongezwa baadaye. Diski ni ile ya kuzunguka. Nimepewa mashauri matatu: barete ya okazi ya 4 GB, barete mpya ya 8 GB, au niache RAM niweke SSD (diski ya kisasa isiyozunguka). Pesa inatosha jambo moja tu, na wanafunzi wako karibu kutetea kazi zao. Ninunue nini?

Fundi_Kenya
Mama, usinunue kitu bado. Mashine inayoganda kabla ya Windows kuonekana mara nyingi ina ugonjwa wa vyuma, si wa programu, na SSD haitauponya kama barete ndiyo mbovu.

Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa barete. Zitoe zote mbili. Meno yake yakiwa na weusi, yasugue taratibu kwa gomu (kifutio) safi ya mwanafunzi, upanguse mabaki, na nafasi zake uzipulize vumbi. Sasa hivi kiangazi, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Rudisha ile ya 4 GB peke yake, ukiisukuma mpaka vibanio viseme "tak" pande zote. Barete iliyokaa nusu inaleta ugandaji huohuo unaoueleza.

Ikiwaka vizuri, itoe, weka ya 2 GB peke yake katika nafasi ileile. Kisha jaribu nafasi ya pili. Barete ikiganda katika nafasi zote mbili, ni barete. Barete zote zikiganda katika nafasi moja tu, ni kadi mama (ubao mkuu wa mashine), na hapo hata barete mpya ya 8 GB haitaiponya nafasi hiyo.

Katuba_Okazi
Nakubaliana na Fundi, ila naongeza: kutazama kama imewaka hakutoshi. Weka Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye ufunguo wa USB, ni ya bure, uwashe mashine kutoka hapo na uiache izunguke usiku, kama umeme unaruhusu. Kosa moja tu likitokea, barete hiyo usiiamini. Ile ya Windows (andika mdsched) inasaidia pia, lakini makosa mengine inayapita.

Kwa upande wa ununuzi, mimi nasimama na okazi. DDR3 ni ya zamani, na nyingi kati ya zinazoitwa "mpya" hazina jina la kiwanda. Barete iliyotoka kwenye mashine ya ofisi, yenye lebo ya Samsung, SK hynix au Micron, naipenda kuliko hizo. Lakini tazama mambo mawili. Kuna barete za seva zinazouzwa bei ya chini sana. Zinaingia kwenye nafasi vizuri kabisa, mashine haiwaki. Na kuna za DDR3 zinazokubali kadi mama za AMD tu. Kama prosesa yako ni Intel, ziache.

Poly_UNILU
Samahani wakubwa zangu, mimi naona SSD. Windows 10 yenye GB chache ikijaza RAM inaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndiyo inayokwamisha kila kitu. Watu wanadhani ni RAM.

Fundi_Kenya
Mdogo wangu, hilo ni kweli kwa mashine inayochelewa. Hii inakwama hata kwenye nembo. Pale Windows haijaanza kuandika popote.

Mama_Kasapa
Nimefanya. Ya 4 GB peke yake inawaka katika nafasi zote mbili, na Memtest imemaliza mzunguko bila kosa. Ya 2 GB imeganda katika nafasi zote mbili, na ilipokubali kuwaka Memtest ikajaa mistari myekundu. Nimeitoa. Mashine haigandi tena, ila sasa inachukua muda mrefu kufungua Word. Kwa hiyo pesa yangu iende wapi?

Poly_UNILU
Sasa SSD, mama. Kwa Word na kuchapisha, 4 GB yenye SSD ni afadhali kuliko 8 GB yenye diski ya zamani.

Katuba_Okazi
Hapa nampa Poly haki. Ningekwambia RAM kwanza kama wateja wangekuwa wanafungua kurasa nyingi za intaneti kwenye mashine hiyo, maana kivinjari kinakula RAM kuliko Word. Kwa kazi yako, SSD leo, barete ya okazi ya 4 GB pesa ikipatikana. Ikiwa iliyobaki ni ya mwendo wa 1600 na ukapata ya 1333, zitafanya kazi pamoja kwa mwendo wa ile ya chini, hakuna hatari. Ila muuzaji aipime na Memtest mbele yako kabla hujalipa.

Fundi_Kenya
Kabla ya SSD, mama, nakili TFC zote kwenye diski ya nje leo hii. RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya wakati wa kuyahifadhi. Fungua kila moja iliyopigwa tangu mashine ianze kuganda, tazama kurasa hadi mwisho, na wenye kazi hizo uwaombe nakala walizo nazo kwenye USB zao. Na Windows uiweke upya kwenye SSD, usihamishe ile ya zamani.