Tupeane uzoefu: kufunga kioo cha ndani kwenye pikapu ya kizamani

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Marehemu mzee ameniachia pikapu yake, Datsun 1200. Injini inaitika, bodi alishaipiga rangi upya kabla hajaugua, ila kioo cha ndani cha kuangalia nyuma hakipo. Tangu nipate akili sijawahi kukiona. Mzee aliendesha kwa vioo vya pembeni na shingo yake. Mimi jana natoka Buguruni, foleni ya Mandela, bodaboda kapita kulia, mwingine kushoto, wa tatu hadi leo sijui alitokea wapi. Nikajikuta nimesimama tu katikati ya barabara, watu wananipigia honi. Nataka kukifunga wiki hii. Gundi au skrubu? Waliowahi, tupeane uzoefu, hata ule wa kuumia.

Mkaa wa Kisarawe
Skrubu.

Binti Pantoni
Pole na msiba kaka. Umenikumbusha mbali.

Hilux ya mjomba, mwezi wa pili, jua lile mnalijua. Nilibandika kioo kwa gundi hizi za kubandikia kila kitu. Kilishika wiki nzima, nikajisifu. Siku hiyo nimeegesha Magogoni saa nzima nasubiri pantoni, gari limekuwa tanuri. Tumeingia, magari yamebanana kama dagaa, mfanyakazi ananipa ishara nirudi nyuma kidogo. Macho yangu yote kwenye kioo. Kikadondoka! Kikagonga gia, kikaishia miguuni. Nilikanyaga breki kwa kuruka, gari likazima. Nashuka kuangalia, nyuma yangu kuna bajaji imejaa ndizi, nafasi iliyobaki hata mkono haupiti. Dereva wake kaweka mikono kichwani, hasemi kitu.

Ipo gundi ya kazi hiyo, kichupa kidogo, inakuja na dawa yake ya kupaka kwanza. Kaa kwenye siti unavyoendesha, mtu akushikie kioo, ukiona dirisha lote la nyuma basi weka alama kwa chaki UPANDE WA NJE wa kioo cha mbele. Ndani kwangua kwa wembe, futa kwa spiriti, usiguse tena hata kwa kidole. Bandika kile kibati cha kushikia kioo peke yake. Lala. Kesho asubuhi ndiyo utundike kioo. Na ufanye kivulini.

Mkaa wa Kisarawe
Ndiyo maana nimesema skrubu.

Dereva wa Mchanga
Mimi niseme ukweli, kioo cha ndani kwenye pikapu ni pambo. Ukipakia magunia unaona nini? Magunia. Jifunze vioo vya pembeni.

Binti Pantoni
Mkuu, kwani kila siku umepakia? Ukirudi tupu utaangalia wapi?

Dereva wa Mchanga
Sirudi tupu dada. Anayerudi tupu hana biashara.

Binti Pantoni
Haya. Mwenzio amesema hamuoni bodaboda, wewe unamletea habari za magunia.

Tarumbeta la Mbagala
Nimesoma neno skrubu moyo ukapiga. Sijawahi kuliandika hili, ngoja niliseme.

Nina Toyota Stout, kazi yake kubeba matarumbeta kwenye harusi. Mnajua msafara unavyokwenda: pikapu mbele, wapigaji wamekaa kwenye kingo za bodi, mpiga video kachuchumaa katikati, wote wanatazama nyuma kwa maharusi. Anayetazama mbele ni dereva tu. Na gari la maharusi linakuganda. Bila kioo cha ndani hujui liko karibu kiasi gani, maana vioo vya pembeni vinakuonyesha viwiko vya wapiga ngoma. Nikaamua nifunge kioo, na nilikifunga kwa ajili ya usalama wa watu wale.

Fundi akatoboa bati juu ya kioo cha mbele, skrubu mbili. Zilikuwa ndefu. Hakupima, na mimi nilitikisa nikaona kimekaza, nikalipa. Kumbe ncha ya moja imepenya mpaka inagusa ukingo wa juu wa kioo cha mbele, pale kilipofichwa na mpira.

Jumamosi, Barabara ya Kilwa, tunatoka kanisani kwenda ukumbini. Tuta. Nikasikia PAA, kama mtu kapiga bunduki masikioni mwangu. Kioo chote cha mbele kikawa cheupe. Sisemi ufa. Cheupe chote, kama kimemwagiwa chumvi. Barabara siioni. Mguu ukaenda kwenye breki, lakini jicho likapita kwenye kioo cha ndani, bado kimening'inia kwa skrubu zile zile, na ndani yake nikaona shela la bibi harusi. Nikaona hadi anacheka. Nikipiga breki, wapigaji wanamwagika kutoka kingoni na gari la maharusi linawakuta chini. Nikauacha mguu. Gari likatambaa kwa gia ya kwanza, mimi kipofu. Utingo wangu, Mungu amlinde popote alipo, akavua kiatu akapiga kioo kwa kisigino mara tatu, likafunguka tundu la ukubwa wa sahani, akachungulia: "Kushoto! Kushoto kidogo! Nyoosha! Simama!" Vipande vimejaa mapajani, vidogo kama punje za mahindi.

Nyuma tarumbeta hazikukatika hata pumzi moja. Hawakujua.

Mama wa Segerea
Mwili umenisisimka. Maharusi je?

Kijana wa Tabata
Ukumbini mlifika?

Tarumbeta la Mbagala
Tulifika. Nilikung'uta vipande vyote nikaendesha bila kioo cha mbele, upepo usoni, inzi mdomoni. Bibi harusi alikuja kujua siku ya kutazama video. Alinipigia simu analia. Mtoto wao wa kwanza sasa anasoma darasa la pili.

Mama wa Segerea
Utingo apewe zawadi jamani. Uliwahi kumpa kitu?

Tarumbeta la Mbagala
Nilimnunulia viatu vipya, na nusu ya malipo ya siku ile.

Mkaa wa Kisarawe
Malipo kamili? Walikulipa kweli?

Fundi Bati
Tumuhurumie ndugu yetu, lakini tumjibu na kijana, ameuliza mambo ya msingi.

Kilichompata ni hiki. Vioo vingi vya mbele vya gari za enzi hizo vimepashwa moto kiwandani halafu vikapozwa ghafla kwa hewa. Usoni ni vigumu sana, unaweza kupiga ngumi. Ukingoni ni dhaifu. Kikwaruze pale tu, kioo kizima kinasambaratika kwa mara moja. Vioo vya siku hizi vya mbele ni tabaka mbili zenye utando katikati, hivyo vinapata ufa lakini vinabaki mahali pake. Soma muhuri wa konani ujue chako ni kipi kabla hujashika drili.

Mimi nafunga kwa skrubu na sijavunja hata kimoja. Napima kina kwanza, nazungushia tepu kwenye msumari wa drili pale unapotakiwa kuishia. Skrubu fupi. Tundu napaka rangi ya kuzuia kutu, maana hewa yetu ya chumvi inakula bati kimyakimya. Chini ya kibati naweka wosha niliyokata kwenye tyubu ya baiskeli, inapunguza mtetemo. Injini za zamani zinatikisa, unaona magari mawili pale lilipo moja.

Dereva wa Mchanga
Wosha ya tyubu nakubali. Hilo la mtetemo ni kweli kabisa.

Binti Pantoni
Kumbe una kioo cha ndani!

Dereva wa Mchanga
Alikifunga mwenye gari.

Babu Landi Roba
Vijana, mimi ni mtu wa Landi Roba 109. Kioo cha mbele vipande viwili, katikati pana nguzo, kioo chetu kilikaa hapo bila ugomvi.

Wewe mtoto wa Tabata, usitoboe wala usibandike kwanza. Gari hizo nyingi zilikuwa na mahali pake pa kioo, juu katikati, kati ya vizuia jua viwili. Gari likipigwa rangi mara ya pili, mafundi hung'oa vitu na kuziba. Chukua msasa, sugua pale taratibu. Ukikuta tundu la zamani, tumia hilo hilo.

Kijana wa Tabata
Shikamoo mzee wangu. Nimesugua leo asubuhi. Yapo mawili, yamejazwa puti. Nimeyazibua kwa sindano, skrubu fupi zimeingia zenyewe bila drili. Kioo nimepata Gerezani, cha mtumba, 15,000.

Halafu nikavuta droo ya dashibodi nitafute kitambaa. Chini kabisa kuna bahasha, ndani kibati cha kioo na skrubu mbili zenye kutu, mwandiko wa mzee: "kioo, nirudishe".

Mama wa Segerea
Jamani.

Babu Landi Roba
Marhaba. Kutu isugue kwa mafuta ya taa, ukifunge hicho hicho kibati chake.

Mkaa wa Kisarawe
Weka picha. Na Tarumbeta hajajibu kama walimlipa yote.