Mrejesho: Safari yetu ya Diani na Vilima vya Taita

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu safari ya siku nne ambayo mimi na mke wangu tulitaka kuifanya kwa gari letu dogo, kutoka Mombasa hadi Diani na kisha Vilima vya Taita. Tumerudi salama, nami nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Ushauri wa kupita Dongo Kundu, barabara ya mchepuko inayokwepa kivuko cha Likoni, ulitufaa kuliko yote, kwa kuwa tulitoka Diani alfajiri tukaingia barabara ya Nairobi pale Miritini bila kupanga foleni ya feri Likoni, na malori yalikuwa bado machache. Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi kona ni kali, hivyo aliyenihimiza nitumie gia ndogo wakati wa kuteremka alinena kweli.

Kilele cha Vuria katika Vilima vya Taita, chenye urefu wa mita 2,208, hakikutupa tulichotarajia: tulichelewa kupanda hadi saa nane mchana, ukungu ukafunika kila kitu, na Kilimanjaro hatukuuona. Hata hivyo mke wangu, leso mbili juu ya sweta, alisimama muda mrefu akisikiliza matone yakidondoka majanini. Atakayekwenda apande asubuhi na mapema.